Pembe za Farasi

Greyville, Durban
1 Juni 2025

Kaka Gaël,

Natumaini u mzima, wewe na mnyama wako. Baba Mthembu atakukabidhi bahasha hii atakapokuja kushusha majani makavu. Amekubali kuwa posta yetu kwa sababu, anasema, katika miaka yote ya kuendesha lori hajaona shule nyingine inayowafungia vijana wazima simu zao kabatini mpaka Desemba. Mimi pia sijasoma habari za shule kama hiyo, na unajua nimesoma mengi.

Barua yako ya mwisho nilimsomea baba pale saluni, Isipingo, kama kawaida. Macho yake hayajapona, na herufi hakuzipenda hata yalipokuwa mazima. Nilipofika pale unaposema kwamba miezi minne umefagia, umesugua, umesuka singa za mkia, na umezungushwa juu ya farasi aliyefungwa kamba, bila kushika hatamu wala kukanyaga vikuku vya tandiko, mteja alicheka mpaka baba akamwambia atulie asije akapoteza sikio.

Halafu baba akatoa hotuba yake. "Mnyama hakamuliwi, haliwi, hatolewi mahari. Sasa iko na kazi gani?"

"Iko kazi ya kubeba wazungu, Papa Aloys," mteja akasema.

"Wazungu hawana miguu?"

Ananiagiza nikukumbushe mlivyoagana. Usipochaguliwa kupanda katika maonyesho ya Oktoba, unarudi kunyoa watu. Nimeandika kama alivyosema. Kwa upande wangu sioni hasara yoyote ukirudi. Nyumba imejaa kimya, na Mama Clementina wa dukani ameanza kuniuliza kama mimi ni bubu au nina maringo.

Sasa habari yenyewe. Miss Naidoo, mwalimu wetu wa Kiingereza, analipeleka darasa letu Arlenhof tarehe 12. Ndiyo, kwako. Tutatembelea shule ya farasi pamoja na makumbusho yake, kisha kila mmoja ataandika insha. Ametugawia kijitabu chenu. Nimekisoma mara mbili na kimenichosha mara mbili. "Heshima na utulivu tangu 1911." Farasi wana kurasa tisa, watu wana mbili. Na majumba ya makumbusho ni mawili, moja la matandiko na moja la magari ya kukokotwa. Naona watu wakikosa historia ya kutosha huigawa ili ionekane nyingi.

Darasani sijamwambia mtu kwamba uko huko. Nimesema unasoma mbali. Si uongo.

Dada yako,
Kaneza


Arlenhof
6 Juni 2025

Kaneza mdogo wangu,

Barua yako imefika ikinuka majani, na dharau pia. Umeichoka shule hata kabla ya kufika. Wewe kitu hukichukia kwanza, kisha ndipo unakwenda kukitazama.

Nitafurahi kukuona. Tutakuwa ndani ya ukumbi, sisi wanagenzi wanane. Mimi nitakuwa juu ya Corvino, yule wa kijivu.

Nataka kukueleza jambo juu ya Corvino. Sehemu hii usimsomee baba wala mtu mwingine.

Nilipokabidhiwa, Corvino alikuwa ameshawauma watu wawili. Mimi alinipasua shati. Asubuhi moja nilikuwa nikimsugua huku ninaogopa, na mtu akiogopa hufanya anayoyajua. Nikajikuta ninaimba ile sifa ya ng'ombe ya baba, ile anayoimba akinoa wembe. "Ewe mwenye pembe zilizopinda kama mwezi mchanga, ulipopita, majirani walifunga milango kwa aibu." Kwa Kirundi, kama ilivyo, na pembe zake zote. Corvino akainamisha kichwa. Akaacha kupiga kwato. Nilimwimbia beti zote na hakuniuma.

Sasa tumefunguliwa kamba, na ndani ya ukumbi ninamwimbia kwa koo, mdomo umefungwa, hata nzi hasikii. Nikiimba anapiga hatua. Nikinyamaza anasimama. Mkuu wetu, mama mwenye mgongo ulionyooka kama ufagio, anasema nina utulivu wa kiuno ambao hajauona kwa mwanagenzi miaka mingi. Hajui kwamba kiuno changu hakifanyi kitu.

Sheria ya kwanza hapa ni kwamba farasi haamrishwi kwa sauti. Anaombwa kwa uzito wa mwili peke yake. Wakijua, jina langu halitaingia kwenye orodha ya Oktoba, na baba ameshasema kitakachofuata. Bado ninajifunza kumwongoza bila wimbo. Nipe muda tu.

Wewe peke yako ndiye unayejua.

Gaël


Greyville
15 Juni 2025

Kaka,

Tumekuja, tumeona, tumerudi.

Nianze na jumba la matandiko. Alitupokea mama mmoja mwenye glavu nyeupe, aliyeanza kwa kusema "msiguse" kabla hajasema "karibuni". Kuna matandiko arobaini na moja. Nimeyahesabu, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kufanya. Kila moja lina taa yake, kana kwamba litaanza kuhubiri. Kuna lijamu kumi na nne ndani ya kioo, vyuma vya kutia mdomoni mwa mnyama, na mama wa glavu alizieleza moja moja kwa sauti ya mtu anayeonyesha picha za wajukuu. Kuna buti za yule Kanali aliyeanzisha shule, juu ya mto wa mahameli. Kuna kwato iliyotengenezwa kuwa kidau cha wino. Atupele wa darasani kwetu aliuliza kama farasi mwenyewe aliruhusu. Mama wa glavu akajibu kwamba farasi huyo alipendwa sana.

Halafu farasi aliyekaushwa na kujazwa pamba. Jicho moja la kioo limewekwa upande, kwa hiyo anakutazama kama mtu wa duka anayedhani umeficha kitu kwenye koti. Jina lake limeandikwa kwenye kibao cha shaba, na la mama yake, na la baba yake, na la babu yake. Nyuma yake ukutani iko picha ya mwaka 1926 ya wanaume kumi na wawili walioshika hatamu. Chini yake pameandikwa "pamoja na watumishi". Watu kumi na wawili wamepata maneno mawili. Mkia wa farasi una aya nzima.

Kwenye jumba la magari tulionyeshwa gari ambalo mke wa gavana fulani alilipanda mara moja, mvua ikaanza kunyesha, akashuka. Ndiyo historia yake yote. Atupele akasema, "Pale stendi ya Warwick hili lisingepata abiria hata mmoja. Mzigo utaweka wapi?" Wasichana wakacheka. Nikasema mimi pia jambo fulani juu ya mke wa gavana na mwavuli, nao wakacheka zaidi, wakasogea karibu nami. Haijawahi kutokea.

Kisha ukumbini. Tuliketi kwenye roshani. Mkaingia wanane mkiwa na suruali nyeupe zilizobana kama bandeji, mkapanga mstari mbele ya picha ya Kanali, mkavua kofia. Wote, na wewe. Mtu amekufa kabla bibi yetu hajazaliwa, wala hakukujua, wala asingekuruhusu kuingia ila kwa mlango wa nyuma, na wewe unamvulia kofia. Nilidhani nitaona wapanda farasi. Niliona watu wanane wakizunguka polepole juu ya vumbi la mbao kama nguo kwenye mashine ya kufulia.

Ulinipita mara nne. Nilivaa ile skafu nyekundu uliyonipa, ingawa hairuhusiwi na sare, ili unione. Mara ya tatu ulikuwa chini yetu kabisa, ningeweza kukudondoshea peremende kichwani. Hukuinua hata kope. Ulitazama masikio ya farasi. Ulimtazama Kanali. Mimi hukunitazama.

Sina zaidi. Nina insha ya kuandika.

Kaneza


Arlenhof
21 Juni 2025

Kaneza,

Skafu niliiona mlipokuwa bado mlangoni. Anayepanda hasalimii mtu. Nikigeuza kichwa mabega yanageuka, mabega yakigeuka farasi anageuka, na nyuma yangu walikuwa watano. Ningekueleza kabla, lakini nilidhani mtu aliyesoma kijitabu mara mbili ameliona hilo ukurasa wa sita.

Rafiki yako Atupele ana sauti kubwa. Nimefurahi kwamba una marafiki sasa.

Habari kwa baba, msomee hapa mara mbili. Majina ya Oktoba yameandikwa kwa chaki kwenye ubao wa ukumbi. Ni manne. Langu ni la tatu.

Gaël


Greyville
27 Julai 2025

Kaka Gaël,

Baba nimemsomea mara mbili, kisha akaomba ya tatu. Bado anasema farasi hana kazi, ila sasa anasema hivyo huku akitabasamu. Jumapili aliwaambia watu wote wa kwaya kwamba mwanawe ni wa tatu Afrika Kusini. Nilimwambia ni wa tatu ubaoni. Akasema ubao uko Afrika Kusini.

Mimi pia nina habari. Insha yangu imekuwa ya kwanza. Nimeiita "Farasi Wenye Vyeo". Miss Naidoo aliisoma mbele ya darasa zima, nami niliangalia dawati mpaka alipomaliza, lakini niliwasikia wakicheka kila mahali nilipotaka wacheke. Kwenye jicho la kioo, mwenzetu Estella alicheka mpaka akatokwa na machozi. Sasa wananisalimia kwenye ngazi.

Miss Naidoo amezituma insha tatu bora kwa Mkuu wenu, kama shukrani ya darasa. Alizituma kwanza, kisha akaniambia. Nilimwuliza kama zinaweza kurudishwa. Akasema nisiwe na aibu, kwamba mwandishi lazima azoee kusomwa.

Ni mambo ya makumbusho hasa. Na mengine kidogo tu, bila majina. Nadhani mtacheka.

Kaneza


Arlenhof
15 Agosti 2025

Kaneza,

Insha yako tumeisoma sote. Mkuu alituita kwenye chumba chetu cha matandiko, kinachopakana na makumbusho, tukasimama mstari, akaisoma kwa sauti kuanzia mwanzo. Mambo ya mke wa gavana yalimchekesha hata yeye. Mambo ya watumishi hayakumchekesha mtu, na pale aliitazama ile picha kupitia mlangoni. Nilijivuna. Nilisema moyoni, huyo ni mdogo wangu.

Kisha akasoma aya hii. Ninainakili kwa sababu ninaijua kwa moyo sasa.

"Mmoja wa wapandaji, mtoto wa wafugaji wasio na ng'ombe, humwimbia farasi wake kwa siri nyimbo za kusifu pembe. Farasi hana pembe na mwimbaji hana ng'ombe. Pengine hao wawili ndio pekee wanaoelewana katika jumba lile zima."

Ni aya nzuri. Mkuu aliisoma polepole. Kisha akakunja karatasi, akatembea mbele yetu. Hapa tuko wanane, Kaneza. Wanne ni wa Pietermaritzburg, wawili wa Hillcrest, mmoja wa Umlazi. Wa nane ni mtoto wa wafugaji wasio na ng'ombe. Ulificha jina langu kama mtu anayejificha nyuma ya ufito.

Akatupeleka ukumbini, akaniambia nimpande Corvino. Akatembea kando yetu, akanyoosha mkono na kuweka vidole viwili kooni kwangu, kama daktari. Akasema, "Twende." Corvino akasimama kama meza. Nilitumia kiuno, nilitumia miguu, nilitumia yote niliyofundishwa. Alisimama.

"Sasa imba," akasema.

Niliimba, na mdomo wazi. Wenzangu walikuwa wameweka vidole vichwani, wakinionyesha pembe. Yule wa Umlazi peke yake hakufanya hivyo. Alisema tu, "Eish, mfowethu," yaani ndugu yangu, akatazama chini. Corvino akazunguka ukumbi wote, vizuri kuliko siku zote. Mkuu alitazama mpaka mwisho. Kisha akaenda ubaoni akafuta jina la tatu kwa kiganja.

Ulilalamika kwamba sikukutazama. Basi sikiliza nilichosikia. Mara ya tatu, nilipokuwa chini yenu, Atupele alisema, "Kaneza, huyu wa kijivu si mnafanana?" Nawe ukasema, "Achana naye. Simjui." Sauti yako ilikuwa safi, kubwa hata. Sijawahi kukusikia ukisema kwa nguvu hivyo mbele za watu. Wiki moja baadaye nikakuandikia kwamba nimefurahi una marafiki.

Darasani huwezi kuomba ruhusa ya kwenda chooni, lakini ukipewa karatasi unakata watu vichwa. Sijawahi kuona mtu mwoga anayeandika vizuri hivyo.

Gaël


Greyville
24 Agosti 2025

Kaka Gaël,

Nilisema hivyo. Ni kweli.

Nilikuwa nimeanza mimi kuwacheka. Nilisema juu ya suruali, nikasema juu ya kofia, na kwa mara ya kwanza walikuwa wakisubiri nitakachosema baadaye. Ndipo Atupele akauliza. Ningejibu ndiyo, ningekuwa dada wa mmoja wa wale niliowafanya wachekwe. Niliona jambo hilo kwa haraka sana, nikachagua. Sababu hiyo wakati ule ilionekana kubwa. Nimejaribu kuiandika hapa mara tatu na kila mara inakuwa ndogo zaidi.

Wimbo niliuweka kwenye insha kwa kuwa aya ilikuwa imelala na nilijua hapo wataamka. Sikufikiri zaidi ya hapo. Ninajiona mtu mwenye akili na sikufikiri zaidi ya hapo.

Nimemwandikia Mkuu wako. Nimemwambia kwamba ni mimi niliyekushauri uimbe, kwamba wewe hukuijua sheria, na kwamba anayestahili adhabu ni mimi. Barua ameichukua Baba Mthembu Ijumaa.

Baba sijamwambia. Aliniomba nimsomee barua yako, nikashindwa. Niliishika mbele yangu nikatunga nyingine palepale, ya kwamba u mzima, kwamba mazoezi ni mengi, kwamba Corvino amenenepa. Akasema, "Rudia hapo kwa Corvino." Nikashindwa kukumbuka nilivyokuwa nimesema.

Ameshawaalika watu wa kwaya kuja kukuona Oktoba.

Kaneza


Arlenhof
7 Septemba 2025

Kaneza,

Mkuu aliniita akaniwekea mezani insha yako na barua yako, bega kwa bega. Akauliza ni ipi ya kweli. Nilimwambia, "Dada yangu akidharau husema kweli. Akitubu ndipo anaposema uongo." Ni mara ya pili kumwona akicheka mwaka huu, na mara zote mbili ni kwa sababu yako.

Nilimwambia kwamba sheria niliijua tangu siku ya kwanza, na wimbo ni wangu. Usiandike tena kwa ajili yangu kwa mtu yeyote.

Karatasi ya pili ni ya baba. Msomee. Usiruke wala usitunge.

G.


Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Anayekusomea ni Kaneza, na nimemwomba asome kila neno.

Barua uliyosomewa Agosti sikuiandika mimi. Corvino hajanenepa. Jina langu limefutwa, na Oktoba sitapanda. Tafadhali waambie watu wa kwaya wasije. Ninajua ni aibu kwako, na ninakuomba radhi.

Kosa ni langu. Hapa ni marufuku kumwamrisha farasi kwa sauti, nami nilimwimbia sifa yako ya ng'ombe kwa siri, kwa miezi, huku nikipokea sifa za mtu aliyejifunza. Siri hiyo nilimwambia Kaneza. Yeye aliiandika kwenye insha ili wenzake wacheke, na insha ikafika kwa Mkuu. Siku walipotembelea shule, aliulizwa kama ananijua, akasema hanijui. Baadaye alimwandikia Mkuu uongo ili kuniokoa. Nimekueleza yote kwa sababu usipojua utamlaumu farasi.

Mkuu amenipa njia mbili. Niondoke, au nianze upya na wanagenzi wapya, mwaka mzima kwenye kamba, bila hatamu na bila vikuku, kwa farasi mwingine ambaye hajasikia wimbo wowote. Corvino atapewa mtu mwingine.

Mimi na wewe tulikuwa na neno letu. Sitalivunja bila wewe. Ukisema nirudi, nitapanda lori la Baba Mthembu Jumatatu na Jumanne nitakuwa nimeshika mashine ya kunyolea, wala hutanisikia nikilalamika. Ukisema nibaki, nitabaki. Umeniuliza mara nyingi farasi ana kazi gani. Bado sijui. Ila nilipoimba aliinamisha kichwa, vilevile ulivyotusimulia kwamba ng'ombe wa babu walikuwa wakiinamisha.

Nataka kubaki, Baba.

Mwanao,
Gaël


Greyville
14 Septemba 2025

Kaka Gaël,

Nilimsomea jana. Nilimwomba twende nyuma ya saluni. Akasema barua za mtoto wake zinasomwa mahali palepale siku zote. Walikuwepo wateja wawili wakisubiri kwenye benchi, na mmoja kitini, kichwa kikiwa kimenyolewa nusu.

Nilisoma. Nilipofika kwenye barua ya Agosti baba hakugeuka, ila wembe ulisimama. Nilipofika kwenye insha alisema, "Endelea." Nilipofika mahali nilipoulizwa kama ninakujua, nilisoma kwa haraka na chini chini.

"Rudia hapo," akasema. "Neno moja umelimeza."

Nikarudia. Wale wa kwenye benchi walianza kuitazama kalenda ukutani. Baba akapangusa wembe, akaendelea kunyoa, nami nikaendelea kusoma, mpaka mwisho, mpaka jina lako. Sikuruka. Sikuongeza.

Mteja wa kitini ndiye aliyesema kwanza. "Papa Aloys, kumbe farasi anasikia Kirundi!"

"Tulia wewe. Kichwa chako bado kiko mkononi mwangu."

Halafu akaniuliza mimi. "Aliimba mpaka ubeti gani?"

Nikasema sijui beti zote, najua tu ule ulioniandikia, wa pembe zilizopinda kama mwezi mchanga.

"Mwezi!" akasema, kwa dharau ambayo sijawahi kuifikia hata kwa kalamu. "Nani alimwambia mwezi? Ni upinde. Upinde uliovutwa. Toka utoto anaukosea, na hata mnyama asiye na pembe amemvumilia." Akaimba ule ubeti kama unavyopaswa kuwa, polepole, akinyoa, na yule mteja, nakuapia, aliinamisha kichwa.

Watu wa kwaya atawaambia mwenyewe leo baada ya misa. Nilimwambia kwamba nitawaambia mimi, kwa mdomo, nikiwa nimesimama. Akasema tutasimama wote wawili.

Nilimwuliza nikuandikie jibu gani. Amenikataza kulipamba, kwa hiyo ninaliandika kama lilivyotoka kinywani mwake:

"Mwambie abaki hukohuko mpaka ajue kunyamaza. Akishajua, aje amfundishe dada yake."

Kaneza